Unataka kutengeneza brauza yako ya kibodi? Injini waachie wenyewe

Wiki hii brauza yangu imekubaliwa kwenye hazina ya programu ya distro moja (toleo mojawapo la mfumo wa Linux), yaani sasa hivi mtu anaiinstoli kwa amri moja tu bila kuhangaika kuijenga mwenyewe kutoka kwenye kodi (maandishi ya programu), na nimefurahi jamani siwezi kuficha. Tangu habari itoke nimepokea meseji kadhaa ila kuna moja ndo imenikalisha niandike, kijana ananiuliza: "Kaka, na mimi nataka kutengeneza brauza nyepesi inayoendeshwa kwa kibodi tupu, nianzie wapi? Nijifunze kwanza kuandika injini?"

Mdogo wangu, injini, yaani ile sehemu inayosoma ukurasa na kuuchora kwenye skrini, usiandike. Kusoma HTML na CSS (lugha za kuandikia kurasa) na kuendesha JavaScript (lugha ya programu za ndani ya kurasa) kama tovuti za leo zinavyotaka ni kazi ya timu kubwa za watu wanaolipwa mshahara, na hata hao wakubwa wenyewe wamerithiana. Apple walipotaka Safari walichukua KHTML, injini ya mradi huria wa KDE, wakaifanya WebKit, halafu 2013 Google nao wakaichepusha WebKit wakapata Blink. Kampuni zenye hela zote zile hazikuanza sifuri, wewe unayeandika kodi usiku ukitoka kazini unataka uanze sifuri? Chukua WebKitGTK au QtWebEngine, injini zilizo tayari kuwekwa ndani ya programu yako, fungua dirisha, lipe anwani ya tovuti, wikiendi moja tu una kitu kinachofungua kurasa. Brauza za kibodi kama surf, luakit na vimb zimesimama juu ya WebKit, qutebrowser ikaanza na QtWebKit ikahamia QtWebEngine, na hakuna anayesema hizo sio brauza.

Ila mimi walinisema. Nilipotoa toleo la kwanza kuna mtu anaheshimika sana kwenye mambo haya akaandika mbele za watu kwamba nimeizungushia tu dirisha injini ya wenzangu halafu najiita mtengenezaji. Iliniuma sana na mpaka leo nikikumbuka inauma, kwa sababu huyo mtu hakuifungua hata mara moja akabonyeza f.

Maana kazi yote iko pale kwenye f. Ukibonyeza f kila linki inayoonekana inatokewa na herufi juu yake, unaandika hizo herufi, linki inafunguka, mkono haujagusa mausi. Ukitazama inaonekana rahisi, unakusanya linki na vitufe na visanduku vya kuandikia, unaangalia kipi kiko ndani ya skrini, unakigawia herufi. Sasa njoo kwenye tovuti za kweli. Kuna mtu katengeneza kitufe kwa div tupu (kisanduku cha HTML kisicho na maana maalumu) halafu kakiwekea JavaScript isikilize kubonyezwa, na script yako haina njia ya kawaida ya kuuliza ukurasa ni div zipi zinasikilizwa, inabidi ukisie kwa sifa za HTML kama role na tabindex, kwa alama ya kidole inayotokea mausi ikipita juu. Kuna fremu ndani ya ukurasa zinazotoka tovuti nyingine, script ya ukurasa wa nje hairuhusiwi kuchungulia ndani, kwa hiyo inabidi yako iingie kila fremu yenyewe halafu zote zigawane herufi bila kugongana. Na lebo moja isiwe mwanzo wa lebo nyingine, ukiwa na "a" na "as" kwa pamoja brauza haijui kama umemaliza kuandika au bado. Mimi natumia herufi tisa za mstari wa katikati, mbili mbili zinanipa lebo 81, kurasa nyingi hazifiki huko. Hii sehemu nimeiandika upya kiasi kwamba siwezi hata kuhesabu na najivunia kila mstari wake.

Kitu cha pili ni modi, yaani hali inayoamua kibonyezo kifanye nini. Kuna modi ya amri na modi ya kuandika, na adui yako ni ile tovuti inayojipeleka yenyewe kwenye kisanduku cha kutafutia ikishafunguka. Wewe unabonyeza j ushuke chini, kumbe unaandika jjjj kwenye kisanduku. Dawa niliyokuja kuiamini ni moja, modi ya kuandika iwashwe na mtumiaji mwenyewe, abonyeze i au achague kisanduku kwa herufi zake, tovuti isipewe hiyo ruhusa kabisa. Na Esc imtoe kila mahali, bila kubahatisha. Halafu weka na modi ya kupitisha kila kitu, kwa ajili ya zile tovuti zenye vibonyezo vyao wenyewe.

Na usibuni vibonyezo vipya jamani, watu wana hjkl (kushoto, chini, juu, kulia) vidoleni tayari. Bill Joy aliandika vi, programu ya kuhariri maandishi, 1976 akitumia terminali ya ADM-3A ambayo mishale ilichorwa juu ya hizo hizo herufi, na vidole vya watu vimezirithi mpaka leo. Mheshimu mtumiaji wako, asianze kujifunza upya kwa sababu yako.

Tuje kwenye wepesi, hapa watu wanadanganyana sana. Brauza yako ikiwa na mistari michache inawaka haraka na kodi yake mtu anaisoma akaimaliza, huo ni wepesi wa kweli na unastahili kujivunia. Lakini memori inaliwa na injini na kurasa zenyewe, ukurasa mzito utakula kwako karibu sawa na kwingine. Usiwaahidi watu usichoweza, waambie ukweli kwenye ukurasa wa mradi. Tena tumia injini iliyokuja na mfumo wa mtumiaji, usifungashe ya kwako, maana mashimo ya usalama yanazibwa kwenye injini kila mara na wewe huna timu ya kufukuzana nayo.

Halafu tenganisha kodi ya kibodi na kodi inayoongea na injini, nasisitiza sana hapa. Qt, zana za kujengea programu, toleo lake la 5.6 lilitoka 2016 bila QtWebKit, na Firefox 57 ya Novemba 2017 iliacha kukubali nyongeza za mtindo wa zamani, Vimperator, nyongeza iliyoipa Firefox vibonyezo vya mtindo wa vi, ikafia hapo pamoja na mazoea ya watu waliyojenga miaka. Msingi ulio chini yako sio wako, utabadilishwa bila kuulizwa. Kodi yako ya herufi na modi ndo mali yako, ilinde iweze kuhama.

Na ujifunze kukataa. Wataomba nyongeza, wataomba kusawazisha na simu, wataomba kutunza nywila, na wengine wataomba kwa lugha chafu kana kwamba wanakudai. Surf haina hata vichupo, hiyo kazi imeachiwa programu nyingine inaitwa tabbed, na watu wanaitumia. Nywila achia programu ya nje, upakuaji achia programu ya nje, usione haya. Wapo waliokasirika nilipokataa wakaondoka, wakaja wengine wanaotaka hicho hicho kidogo kifanye kazi vizuri, na mmoja wao ndiye aliyeipeleka kwenye distro. Sikumwomba.

Uliuliza pia lugha gani. Yoyote unayoijua vizuri ambayo ina mlango wa kuingilia WebKitGTK au Qt: C, Python, Rust, zote zinafaa, na script za herufi utaziandika kwa JavaScript vyovyote vile. Anza na dirisha, weka j na k, weka modi, halafu ingia kwenye f ukae hapo. Ukikwama kwenye fremu niandikie, hilo nina majibu yake.