Maswali ya Wasomaji: Sala Zimekauka Katikati ya Msimu

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni mama wa watoto watatu, mkazi wa Wilaya ya Masasi, na ni karani wa mizani katika chama cha msingi cha ushirika. Tangu Oktoba, korosho zilipoanza kuletwa ghalani, natoka nyumbani alfajiri na kurudi watoto wamekwisha kulala. Zamani nilisali Rozari nzima kila jioni na nilimwona Mungu yu karibu. Sasa nikipiga magoti nasinzia, na nisiposinzia nahesabu magunia. Kazini foleni ni ndefu, mwenyekiti anahimiza, tunaandika kilo kamili tu na zile gramu za juu zinaachwa kama ilivyo desturi. Kiongozi wa kikundi chetu cha sala ameniambia kwamba nimepoa kiroho na nimeliacha kusudi la Mungu kwa ajili ya fedha. Je, niache kazi nimtumikie Mungu? Na niendelee kuimba kwaya hali moyo ni mkavu? – Karani, Masasi.

JIBU: Milele na milele, amina, dada yangu. Kiongozi wako ameharakisha kidogo. Mtu anayesinzia akiwa amepiga magoti baada ya kushinda kwenye mizani tangu alfajiri amechoka, na kuchoka si kupoa. Katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19, nabii Eliya alijilaza chini ya mretemu akaomba afe. Malaika aliyetumwa kwake hakumkemea hata kwa neno moja, bali alimwamsha mara mbili ale mkate na anywe maji, na baada ya hapo ndipo safari ya kwenda Horebu ikaanza. Kuhusu ukavu wa moyo, ifungue Zaburi ya 88, ambayo inaanza kwa kilio na kuishia gizani bila shangwe yoyote, na ambayo hata hivyo Kanisa huisali kila Ijumaa usiku kabla ya kulala. Kama hali yako ingekuwa dalili ya kuachwa na Mungu, zaburi hiyo isingekuwamo katika sala za Kanisa.

Nakushauri kwa msimu huu uiweke kando Rozari nzima ya jioni, usali kidogo lakini kwa saa maalumu. Unaishi jirani na mfano mzuri. Wabenedikto wapo Ndanda tangu mwaka 1906, na Kanuni yao, katika sura ya 43, inaagiza kwamba ishara ya sala inaposikika mtawa aache mara moja chochote alichokishika mkononi. Watu hao wamejenga hospitali, wamefungua karakana na wamechapa vitabu, kwa hiyo hakuna atakayesema kwamba hawana kazi. Wanachokataa ni kuiacha kazi iamue saa ya sala. Wewe unayo Malaika wa Bwana, asubuhi, saa sita mchana na jioni, sala isiyozidi dakika tatu. Saa sita ikifika, maliza gunia lililo juu ya mizani, weka kalamu chini, uisali ukiwa umesimama hapo hapo. Wakulima watakungoja, baadhi yao, nadhani, wataisali pamoja nawe.

Sasa niruhusu nikae kwenye jambo ambalo hukuliuliza. Umeandika kwamba gramu za juu zinaachwa, na umelipita haraka kama mtu anayepita mlango wa mdai wake. Nami niliwahi kutunza stoo, najua desturi za namna hiyo zinavyozaliwa. Tufanye hesabu: gunia likisoma kilo 83.6 likaandikwa 83, na jingine hivyo hivyo, tuseme kila gunia linapoteza nusu kilo kwa wastani. Mkipima magunia 200 kwa siku, hizo ni kilo 100, yaani gunia zima na pengine zaidi, kila siku, na halina jina la mkulima yeyote. Najua pia utetezi wake, kwamba korosho hunyauka zikikaa ghalani na chama hakitaki kudaiwa upungufu. Ni hoja ya kweli, lakini basi unyaufu huo ujadiliwe kwenye mkutano wa wanachama, ukubaliwe na uandikwe, badala ya kukatwa kimya kimya kwenye kalamu ya karani. Tunawalaani wanunuzi wa kangomba, wale wanaonunua korosho kwa magendo nje ya ushirika, kwa vipimo vyao, nasi tunapunguza kwa mizani ya kidijitali.

Kusudi unalolitafuta, naona, liko kwenye nukta hiyo ya desimali. Mithali 11:1 inasema wazi kwamba mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana, na Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, sura ya 31, inamtaka mtunza ghala aviangalie vyombo vyote vya nyumba kama vyombo vitakatifu vya altare. Mizani yako imo humo.

Je, uache kazi? Watoza ushuru walimwuliza Yohana Mbatizaji swali kama lako (Luka 3:12-13), naye hakuwaambia waondoke, bali wasitoze zaidi ya walivyoamriwa. Kweli Lawi aliondoka forodhani, lakini aliitwa. Hakukimbia kwa uchovu wala kwa maneno ya kikundi. Baki. Mwombe mwenyekiti, kwa adabu na faraghani, kwamba kuanzia wiki hii uandike uzito kama unavyosomeka. Akikataa, omba suala lipelekwe kwenye bodi ya chama, na akikulazimisha kuandika uongo kwa mkono wako, hapo swali la kuacha kazi litakuwa limekuja kwa sura nyingine, nawe uniandikie tena.

Kwaya endelea nayo, ila usihudhurie mazoezi ya katikati ya wiki mpaka msimu uishe. Jioni hizo rudi nyumbani mapema kadiri utakavyoruhusiwa, uwakute watoto macho, uwafanyie ishara ya msalaba kwenye paji la uso. Ukisinzia baada ya hapo, sinzia.