Kanuni nne za mhariri mpya wa Wikipedia, na pale zinapoishia

Wadogo zangu, nimepitia mabadiliko ya karibuni nikakuta makosa yale yale ya kila kundi jipya. Kanuni nne tulizokupeni mafunzoni mmezishika barabara, na ndizo zinazokuangusheni.

1. Weka chanzo. Hapa pananiuma khasa. Mmoja wenu aliingia makala ya Bi Kidude, mwimbaji wetu wa taarab, akakuta mwaka wa kuzaliwa umeandikwa kuwa ni makisio. Akapata gazeti lenye mwaka kamili, akafuta neno "inakadiriwa", akaweka tanbihi. Mwenzake akaja na gazeti jengine na mwaka mwengine. Wakafutiana mabadiliko kutwa, kila mmoja akiandika kwenye muhtasari wa hariri yake: "nimeweka chanzo". Na kweli waliweka! Lakini bibi mwenyewe hakuwa na tarehe. Akisema alizaliwa enzi za rupia. Wa tatu akapiga hesabu: rupia iliondolewa 1920, basi alizaliwa kabla ya hapo. Mwanangu, hiyo ni Kenya. Kwetu Zanzibar rupia ilitumika mpaka mwisho wa 1935, kwa hiyo hesabu yako haithibitishi kitu. Tunadai chanzo ili msomaji aweze kukagua; gazeti moja haliondoi mashaka ambayo mwenye maisha yake aliishi nayo. Andikeni kuwa mwaka haujulikani kwa hakika, mtaje makadirio na nani kayatoa. Tarehe ya kufariki, 17 Aprili 2013, haina ubishi. Hiyo iandikeni bila wasiwasi.

2. Usinakili. Kubadilisha maneno matatu bado ni kunakili. Soma, funga, andika.

3. Picha uliyopiga mwenyewe ni yako. Ukipiga picha ya mchoro unaouzwa Mji Mkongwe, mchoro unabaki wa mchoraji. Usiupakie.

4. Kuwa jasiri, yaani ukiona kosa lirekebishe mwenyewe. Hili nakupendeeni, msiliache. Ila kijana mmoja wa Wete, kwa kuchoshwa na watu wanaoita Unguja "kisiwa cha Zanzibar", alibadilisha kila "Zanzibar" kuwa "Unguja", mpaka kwenye Serikali ya Mapinduzi. Mpemba mzima kaitoa Pemba serikalini kwa mkono wake! Hoja yake ya mwanzo ilikuwa sahihi kabisa, na ilihitaji kusoma sentensi moja moja. Angeuliza kwenye ukurasa wa majadiliano tungemsaidia kuzigawa: zipi zinasema kisiwa cha Unguja, zipi Zanzibar nzima pamoja na Pemba.

Kanuni ikikukwamisha, usiilazimishe wala usiivunje kimyakimya. Iandike pale pale kwenye majadiliano, pamoja na sentensi iliyokushinda. Mimi napita huko kila baada ya Isha.