Msimbo wangu uko Marekani: niurudishe Lamu?

SWALI: Mhariri, assalaam aleikum. Mimi ni kijana wa Langoni, Lamu, na ninaandika programu ya kukatia tiketi za boti za abiria baina ya Lamu na Mokowe. Msimbo wake wote, yaani maandishi yanayoiendesha, nimeuweka GitHub, tovuti ya kuhifadhia msimbo iliyo mali ya kampuni ya Kimarekani. Tangu Juni 2025, Rais wa Marekani alipopeleka wanajeshi Los Angeles licha ya pingamizi la gavana wa California, nimekuwa nikijiuliza kama nchi ya namna hiyo ni ya kuachiwa kazi yangu. Je, niihamishie kwenye seva yangu nyumbani, yaani kompyuta yangu mwenyewe ya kuihifadhia?

JIBU: Wa aleikum salaam. Hofu yako ina msingi, ila umeielekeza pasipo pake. Askari wa Los Angeles hawana haja na boti za Mokowe. Kilichowahi kuwafungia watu milango ya GitHub ni vikwazo vya kibiashara: mwaka 2019 watumiaji wa Iran, Syria na Crimea walizuiwa baadhi ya huduma, kwa sababu tu ya mahali walipo. Kampuni ilitii sheria ya nchi yake, basi.

Kuhusu wanajeshi, sisi wa Lamu tusijifanye wageni wa habari hizo. Operesheni ya kijeshi ya msitu wa Boni ilianza mwaka 2015, na kabla yake, baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya 2014, tuliishi chini ya kafyu. Ibara ya 241 ya Katiba yetu inaruhusu jeshi kusaidia mamlaka nyingine wakati wa dharura, kwa sharti kwamba Bunge la Taifa lipewe taarifa. Na likitumwa kurejesha amani penye machafuko, lazima Bunge liidhinishe kwanza. Tarehe 25 Juni 2024, siku waandamanaji walipoingia bungeni, Waziri wa Ulinzi alitangaza kupeleka jeshi, na wabunge wakaridhia kesho yake, baada ya tangazo. Marekani nayo ina sheria ya 1878 inayozuia jeshi kufanya kazi ya polisi, na Septemba 2025 jaji wa shirikisho aliamua kwamba ilivunjwa Los Angeles. Serikali ikakata rufaa.

Ndipo nifike kwenye seva yako. Ukiihamishia Langoni hutakuwa umeikimbia serikali. Utakuwa umebadilisha ile inayoweza kukufikia, na ya hapa iko karibu zaidi na mlango wako. Kompyuta iliyo mezani huchukuliwa pamoja na meza yake. Kwa hiyo, ukiamua kuwa nayo, diski yake ifungwe kwa usimbaji fiche, isisomeke bila nywila, tangu siku ya kwanza, na nywila isibandikwe kwenye kifuniko, kama nilivyoona katika ofisi moja ambayo sitaitaja.

Habari njema ni kwamba Git, programu ya kutunza historia ya msimbo ambayo GitHub imejengwa juu yake, aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 2005, huweka historia nzima ya msimbo katika kila nakala kamili, hivyo yamkini laptopu yako tayari inayo karibu yote. Yanayobaki kwa kampuni ni orodha ya hitilafu, majadiliano na ruhusa za wenzako. Hayo ndiyo ya kuyapakua mapema. Kwa seva ya nyumbani, programu ya Forgejo, inayofanya kazi kama ya GitHub, ni nyepesi na huendeshwa hata na Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya bei nafuu, lakini hewa ya chumvi hula viunganishi vya chuma, umeme hukatika, na masasisho ya usalama hayamsubiri mtu aliyekwenda arusini Pate.

Kwa hiyo mimi nisingehama. Ningebaki GitHub, nikaweka nakala ya pili kwa amri ya git clone --mirror, inayonakili historia yote ya msimbo, katika kompyuta ndogo ya nyumbani, nikaisasisha kila usiku, na ya tatu nikampa ndugu aliye Malindi katika diski iliyofungwa. Namba za simu za abiria zisiwemo kamwe ndani ya msimbo, popote utakapouweka. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuwajibisha wewe kwanza.