Nebraska ilikwama wapi

Kaka umeuliza mbona timu ya Chuo Kikuu cha Nebraska ilikuwa tishio kwenye futiboli ya Kimarekani (ile ya kubeba mpira mikononi, sio soka) ya vyuo halafu ikapotea, hela si wanazo? Hela wanazo tena sana, na mashabiki hawajawahi kuwakimbia. Ishu ni kwamba jimbo lina watu wachache, vipaji vya nyumbani havitoshi, inabidi wakavisake Texas huko na Florida, sasa ukibadilisha kocha kila mara nani atakujengea huo mtandao? Kocha wao Osborne alikaa misimu 25, akabeba ubingwa 1994, 1995 na 1997 (huo wa mwisho waligawana na Michigan), aliyemfuata, Solich, wakamtimua 2003 akiwa kashinda mechi 9 kafungwa 3 tu, hapo mi naona walijiroga wenyewe. Toka hapo makocha wanaingia na kutoka. Cheki chuo cha Alabama sasa, kocha Saban kaanza 2007, msimu wa kwanza akapigwa mpaka na timu ndogo ya Louisiana-Monroe, watu wakanuna ila hawakumgusa, kaja kuwaachia mataji 6. Ila siku hizi wachezaji wanahama vyuo kirahisi, kocha anaweza kujenga timu fasta, ndo maana Indiana 2023 ilishinda mechi 3, kocha mpya kaja na vijana wake wa chuo alichotoka, 2024 wakashinda 11.