Kidonda Kimefunga, Vidole Bado Ganzi? Usikae

Juzi nimemaliza kofia ya kiua, ya kwanza tangu mkono wangu ukatwe. Nimeipiga picha kila upande, mwenye kucheka na acheke. Usiku ule ule dada mmoja wa Wete akaniandikia: kijana wake kakatwa na bati kwenye kifundo cha mkono, kidonda kimepona vizuri, ila kidole gumba na cha shahada havihisi kitu. Kaambiwa asubiri.

Na mimi niliambiwa hivyo hivyo. Gilasi ilinivunjikia nikiosha vyombo, nikashonwa ngozi, nikarudishwa nyumbani. Hakuna aliyenigusa ncha za vidole akaniuliza kama nahisi. Linaniuma mpaka leo. Nyama ya chini ya gumba ikawa inanywea naiona kwa macho, nyumbani wakasema nisomewe. Nikasomewa, na boti ya Dar nikapanda vile vile.

Huko ndiko nilikoelezwa. Mshipa wa fahamu ukikatika kabisa, sehemu iliyo mbele ya jeraha hufa, na nyuzi mpya huota kutoka juu, kiasi cha milimita 1 kwa siku, zikipata njia. Ukiwahi, ncha mbili hushonwa pamoja chini ya hadubini kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Zangu zilikwisha jivuta na kufanya kovu, basi madaktari wakachukua kipande cha mshipa wa fahamu wa nyuma ya mguu wakaziba pengo. Sasa ubavu wa nje wa unyayo wangu una ganzi. Lakini kuipoteza hisia hiyo ya mguuni nikapata mkono wa kushona kofia, naona nimefaidika.

Baada ya hapo ni kungoja na mazoezi: kufumba macho na kupapasa choroko, karafuu, vifungo. Na jichungeni na moto jamani, mimi nilijiunguza kwenye chuma cha chapati nisijue.

Kwa hiyo dada yangu, wahi. Msuli haungoji: ukikaa kiasi cha mwaka mmoja na nusu bila mshipa kuufikia, mara nyingi haurudi tena. Kweli, mshipa uliobanwa tu huweza kupona wenyewe, lakini huyu kakatwa na bati. Muulize daktari: umekatika au umebanwa, na nani aliyeutazama? Akikwambia tusubiri, omba barua ya rufaa uondoke nayo siku hiyo hiyo.