Kumfundisha nyumbani mtoto aliyevuka Ruvuma

Mtoto wa Kimakonde uliyemchukua kutoka Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, ukaja kumlea Newala au Mtwara mjini huelewana na majirani siku ileile. Kimakonde cha Mueda na cha Newala hutofautiana hapa na pale tu. Hapo ndipo walezi wengi wanapopotea: anaongea vizuri, lakini akipewa daftari anakosea karibu kila kitu, basi anaitwa mzito. Si mzito. Kama alisoma kwao, yaelekea alisoma kwa Kireno, na makosa yake mengi ni kanuni za Kireno alizozihamishia kwenye Kiswahili.

Kwa hiyo mpime kabla ya kumfundisha. Msomee maneno kumi aandike, na ndani yake yawemo shule, chai, nyumba, kaka na hapa. Akiandika "xule", "tchai", "nhumba", "caca" na "apa", shangilia: anajua kusoma na kuandika. Kwa Kireno, x mara nyingi na ch hutoa sauti yetu ya sh, nh ni ny, h ya mwanzo haitamkwi, na k haitumiki ila kwa maneno machache ya kigeni. Ukimrudisha kwenye a-e-i-o-u unamdhalilisha bure. Bandika ukutani karatasi yenye sauti hizo, Kireno upande mmoja na Kiswahili upande wa pili, halafu shughulikia sauti mbili kwa wiki, maneno kumi kila siku, nusu ya kusoma na nusu ya imla. Anza na ch, maana ndiyo inayomchanganya zaidi: akikuta "chai" kitabuni atasoma "shai". Tofauti ya r na l iache mwisho. Hiyo inawasumbua hata watoto waliozaliwa Tandahimba.

Asiyeweza kuandika hata jina lake ni habari nyingine. Huyo mwanzishe silabi kama mtoto wa darasa la kwanza, hata kama ana miaka kumi.

Kwenye hesabu, angalia mambo matatu. La kwanza ni mkato: kwa Kireno mkato hutenga desimali, hivyo 1,500 anaweza kuisoma kuwa moja na nusu. Mpeleke dukani na shilingi 1,500 mkononi. Ataelewa haraka kuliko ubaoni. La pili ni kugawanya. Kwenye 84 kugawanya kwa 4, yeye huiweka 4 kulia kwa 84, na jibu hulishusha chini ya ile 4. Jibu likiwa 21, mpe vema, kisha mwonyeshe mpangilio wetu, kwa sababu ndio atakaoukuta ubaoni.

La tatu ni saa, na hili ndilo gumu. Kireno huanza kuhesabu saa usiku wa manane, kwa hiyo "saa saba" yake ni saa moja asubuhi yetu. Tena saa za Msumbiji ziko nyuma ya zetu kwa saa moja. Usianze na kukokotoa. Chora saa, uandike pembeni yake anachofanya: saa moja uji, saa sita kivuli kifupi, saa kumi na mbili jua linazama. Baada ya wiki mbili ndipo umwonyeshe kujumlisha na kutoa sita.

Vipindi vitatu vya dakika 20 kwa siku vinatosha, asubuhi kabla joto halijapanda. Msimu wa korosho, Oktoba hadi Desemba, nyumba nzima huenda shamba alfajiri; hamishia kipindi kimoja jioni kuliko kukiacha. Korosho ni nzuri kwa mafungu ya kumikumi, ila asizipasue: mafuta ya ganda hubabua ngozi.

Tafadhali usimpe insha ya "Kijiji chetu" au "Familia yangu". Mapigano yameanza kwao Oktoba 2017, na hujui aliona nini. Mwache achore, asimulie siku akitaka mwenyewe. Akiendelea kushtuka usingizini au kukataa kula, mwone ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri.

Ofisi hiyohiyo ndiyo ya kuanzia upande wa sheria, kwani kulea si kuasili. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, amri ya kuasili hutolewa na Mahakama Kuu. Wala masomo ya nyumbani hayachukui nafasi ya shule, maana elimu ya msingi ni lazima. Zungumza na mwalimu mkuu mapema; kama mtoto amevuka umri wa kuanza shule na hakusoma kabisa, uliza darasa la MEMKWA, yaani elimu ya msingi kwa walioikosa. Siku ya kumpeleka, beba karatasi ya lile jaribio la kwanza pamoja na daftari la sasa, mwalimu aone mwenyewe "xule" ilivyogeuka shule.