Zege linalojilaza lenyewe na upepo wa Makambako

Agosti moja tulimwaga slabu ya kubeba tangi la maji pale Makambako. Nondo zilikuwa zimebanana hata vibreta, ile mashine ya kutikisa zege lishikamane, haina pa kupita, ndiyo maana tukachagua zege linalojilaza lenyewe, lile Wajapani walilobuni miaka ya 1980. Lilitiririka kama uji, likajaza kila kona. Tukaenda kula. Tuliporudi, uso ulikuwa na nyufa zilizolala sambamba, nyingine ukucha unaingia.

Iliniuma sana, kwa sababu nilidhani baridi inatulinda. Tulikuwa tumevaa makoti! Kumbe upepo mkavu wa kiangazi hunyonya maji ya zege hata jua likiwa limejificha.

Zege la kawaida hutoka jasho: maji hupanda juu na kuulinda uso kwa saa za mwanzo. Hili letu lina unga mwingi, saruji na vumbi la mawe, kokoto zake ni chache, na ulaini wake unatokana na dawa ya kulainisha zege badala ya maji ya kuongeza. Unga ule huyashika maji, jasho halitoki. Uso unakauka na kujikunja wakati zege halijapata nguvu ya kuhimili mvuto huo, basi linachanika.

Kwa hiyo ndugu yangu fundi, ule utaratibu wetu wa kumwagilia kesho yake asubuhi hapa haufai. Weka turubai upande wa upepo kabla ya kumwaga. Ukishasawazisha tu, puliza ukungu wa maji. Bomba la mgongoni la wakulima wa nyanya linatosha, ila liwe jipya, lisilowahi kubeba dawa. Usiyasugue maji hayo kwa mwiko, utadhoofisha uso. Kisha funika kwa nailoni na kandamiza kingo zote. Likishakaza, magunia mabichi kwa siku 7 bila kukosa.

Ufa ukiuona zege likiwa bado laini, lisugue kwa mwiko wa mbao lijifunge, ufunike papo hapo. Likishakauka, kupaka uji wa saruji ni kuficha tu.

Na anayepanga mchanganyiko mwombe asizidishe unga, maana zege la namna hii huendelea kusinyaa kwa miezi.

Slabu iliyofuata, Mafinga, nilirudi usiku na tochi. Chini ya nailoni kulikuwa na matone kila mahali, na uso haukuwa na ufa hata mmoja.